Barua Tupu Kikashani: Uchambuzi wa Kisa cha Shirika Moja

Usuli

Shirika linalozungumzwa hapa lina wafanyakazi wapatao 30 na kikoa chake chenyewe cha barua pepe, yaani jina linalofuata alama ya @ katika anwani. Jina lake, mahali lilipo na majina ya wahusika yameondolewa, na maelezo machache yasiyobadilisha maana ya kisa yamefichwa. Kazi yake kubwa ni kupokea maombi ya ufadhili wa masomo. Waombaji hutuma fomu na vyeti kama viambatisho, wengi wao kwa simu, na si wachache wanaotuma bila kuandika neno lolote la maelezo. Tabia hiyo ya waombaji ndiyo iliyokuja kuamua mambo mengi katika kisa hiki.

Seva ya barua, yaani kompyuta inayopokea na kutuma barua, waliiendesha wenyewe. Programu iitwayo Postfix ilipokea barua, nyingine iitwayo SpamAssassin ikazipa alama za kupima kama ni taka, na programu ya kuzuia virusi ikakagua viambatisho. Miaka ya nyuma msimamizi wa mifumo alikuwa ameweka sanduku la pokea-zote, yaani barua yoyote iliyoelekezwa kwenye kikoa cha shirika, hata kwa jina lisilokuwapo, iliingia katika sanduku moja lililosomwa na mapokezi. Nia yake ilikuwa njema: mwombaji akikosea herufi moja ya anwani, ombi lake lisipotee.

Mimi niliitwa kama mshauri baada ya tatizo kuwa limeshakomaa na hatua ya kwanza kuwa imeshachukuliwa.

Mambo yalivyotokea

Ilianza na barua chache tu kwa siku katika sanduku la mapokezi. Hazikuwa na mada wala maneno ndani. Watumaji walikuwa na anwani za herufi na namba zilizochanganywa, nyingi zikiwa za huduma za barua za bure. Mhudumu wa mapokezi alizifuta mwanzoni. Kisha, kwa kuwa kazi yake ni kuwahudumia waombaji na wengi wao hawana uzoefu wa barua pepe, akaanza kujibu: "Habari, barua yako imetufikia ikiwa haina maandishi. Tafadhali itume tena. Asante." Chini ya kila jibu seva iliongeza saini yake kamili: jina, cheo, namba ya simu ya moja kwa moja, na jina la idara.

Hakuna aliyetuma tena. Ila barua tupu ziliongezeka wiki hadi wiki, na sasa zikaanza kufika kwenye vikasha vya wafanyakazi wengine, hasa wenye anwani rahisi kukisia. Minong'ono ikaanza ofisini. Wapo waliosema ni virusi, wapo waliosema mtu ameingia kwenye mfumo na anajaribu jambo. Mkurugenzi akaagiza zisionekane tena.

Fundi wa ndani akaandika kanuni kwenye seva: barua yoyote isiyo na maandishi mwilini ifutwe papo hapo, bila kuwekwa popote. Kanuni ilifanya kazi tangu siku ile ile. Vikasha vikatulia na watu wakamshukuru.

Baada ya siku kadhaa skana ya ofisi "ikaharibika". Watu walichanganua nyaraka, mashine ikaonyesha kwamba imetuma, lakini barua haikufika. Akaitwa mtengenezaji wa mashine, hakuona kasoro. Karibu na wakati huo waombaji wakaanza kupiga simu kuuliza mbona hawajapata uthibitisho. Sababu ilikuwa moja. Skana hutuma barua isiyo na maandishi, yenye kiambatisho tu, na mwombaji anayepiga picha cheti chake na kukituma kwa simu hufanya vivyo hivyo. Kanuni iliona mwili mtupu ikafuta kila kitu pamoja na vyeti. Kwa kuwa haikuacha nakala, waombaji ilibidi watafutwe mmoja mmoja kwa kufuata kumbukumbu za seva, ambazo kwa bahati zilikuwa zimehifadhi anwani za watumaji.

Hapo ndipo niliposhirikishwa, na jambo la kwanza tuliloamua pamoja na fundi ni kuiondoa kanuni ile siku hiyo hiyo. Kuendelea kuona takataka kwa muda kulikuwa na hasara ndogo kuliko kupoteza ombi hata moja.

Tulichokiona ndani ya barua "tupu"

Hatukutaka kuandika kanuni nyingine kabla ya kujua tunapambana na nini. Tukachukua sampuli kutoka masanduku mbalimbali na kusoma chanzo cha kila barua, yaani maandishi ghafi ambayo programu ya barua huyaficha. Programu nyingi za kompyuta zina sehemu ya kuonyesha chanzo, na mtu yeyote anaweza kuisoma. Barua zilizofanana kabisa kwa macho ziligawanyika katika makundi manne.

Kundi kubwa lilikuwa tupu kweli. Vichwa vichache juu, yaani mistari ya mtumaji, tarehe, mada na kadhalika, kisha hakuna kitu. Nyingine hazikuwa hata na kichwa kimoja kilichoandikwa na mtumaji. Mistari yote iliyoonekana ilikuwa imeongezwa na seva yetu wakati wa kupokea. Watu hushangaa kwamba barua ya namna hii inaruhusiwa kupita. Waraka wa kiufundi unaoelezea muundo wa barua pepe, RFC 5322 wa mwaka 2008, unalazimisha vichwa viwili tu: tarehe na mtumaji. Mada si lazima, mstari wa mpokeaji si lazima, na mwili wenyewe si lazima. Barua yenye From (mtumaji) na Date (tarehe) pekee ni barua halali, na seva haina sababu ya kuikataa kwa utupu wake tu.

Ili kujua kwa nini mtu atume kitu kama hicho, tuliwasha kwa muda uandishi wa kina wa mazungumzo kati ya seva yetu na baadhi ya anwani za IP, yaani namba zinazotambulisha kompyuta kwenye mtandao, zilizokuwa zikijirudia. Hiki ni kipande cha mazungumzo hayo, kikoa kikiwa kimebadilishwa:

RCPT TO:<aaron@shirika.example>
250 2.1.5 Ok
RCPT TO:<abby@shirika.example>
250 2.1.5 Ok
RCPT TO:<accounts@shirika.example>
250 2.1.5 Ok
RCPT TO:<admin@shirika.example>
250 2.1.5 Ok
DATA
354 End data with <CR><LF>.<CR><LF>
.
250 2.0.0 Ok

Kati ya majina manne hayo, ni accounts peke yake aliyekuwapo. Upande wa pili ilikuwa mashine inayopita orodha ya majina kwa mpangilio wa alfabeti na kusikiliza majibu. RCPT TO humtaja mpokeaji, na 250 maana yake ni sawa, nimekubali. Kama anwani haipo, seva iliyopangwa vizuri hujibu 550. Yetu, kwa sababu ya sanduku la pokea-zote, ilijibu 250 kwa kila jina. Kisha mashine ikasema DATA, yaani barua inaanza, ikaweka nukta moja inayomaanisha "nimemaliza", na barua isiyo na chochote ikawa imezaliwa.

Itifaki ya SMTP, yaani kanuni ambazo seva hufuata kupelekeana barua tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, hutenganisha bahasha na barua. Mpokeaji hutajwa na kukubaliwa kwenye bahasha kabla neno la kwanza la barua halijatumwa. Ndiyo maana anayetaka kujua tu kama anwani ipo hana haja ya maandishi. Ni kama mtu anayebisha hodi nyumba kwa nyumba bila kuwa na la kusema, anataka tu kujua ni wapi pana watu. Mwenye kufikiri atauliza: kama jibu la RCPT TO linatosha, kwa nini asikate mazungumzo hapo badala ya kutuma barua tupu? Wengi hukata, nasi hatuwaoni kamwe kikashani. Wanaoendelea mpaka mwisho wana sababu yao. Baadhi ya seva hukubali kila jina mlangoni kisha, baadaye, hurudisha barua ya taarifa kwamba mpokeaji hayupo. Mtumaji anayetaka uhakika lazima amalize kutuma na kungoja kama kuna kinachorudi. Kisichorudi huandikwa kama anwani hai. Kuna pia wanaojaribu akaunti walizoiba au kompyuta walizoziambukiza, waone kama barua zake bado zinapenya. Kwa jaribio hilo vilevile maudhui hayahitajiki, na kichujio kinachopima maneno hakina neno la kupima.

Kundi la pili lilionekana tupu lakini halikuwa tupu. Chanzo chake kilikuwa na HTML, lugha ya kupangilia kurasa za mtandao, na ndani yake picha moja yenye upana wa pikseli 1 na kimo cha pikseli 1, isiyoweza kuonekana kwa jicho. Anwani ya picha hiyo iliishia na mfululizo mrefu wa herufi na namba, na mfululizo huo ulikuwa tofauti kwa kila mpokeaji. Programu ya barua ikiipakua picha, seva ya mtumaji hujua kwamba barua ya mpokeaji fulani imefunguliwa, saa ngapi, kutoka anwani gani ya IP na, mara nyingi, kwa kifaa cha aina gani. Kwa fundi huyu kundi hili lilikuwa gumu kulikubali mpaka tulipofungua chanzo pamoja, kwa sababu kwenye skrini hapakuwa na tofauti yoyote na kundi la kwanza.

Kundi la tatu ni takataka iliyovunjika. Mtumaji alikusudia kutangaza kitu, programu yake ikakosea. Katika nyingi, kichwa kilitaja alama ya kutenganisha sehemu za barua, lakini alama iliyotumika chini haikufanana nayo, hivyo programu ya barua haikujua maandishi yaanzie wapi na ikaonyesha ukurasa mweupe. Katika nyingine kiolezo kilitumwa kabla ya kujazwa. Hizi hazina hila zaidi ya uzembe. Ukizisoma kwenye chanzo utakuta tangazo lote limelala pale.

Kundi la nne lilikuwa dogo, nalo ndilo lililonitia wasiwasi kuliko yote. Zilikuwa barua halali kutoka kwa waombaji, ambazo programu ya kuzuia virusi ya shirika lenyewe ilikuwa imeondoa viambatisho vyake kwa sababu ya aina ya faili, bila kuacha maelezo yoyote. Mwombaji alituma faili ikiwa imebanwa, mashine ikaichomoa, na mapokezi wakapokea ganda. Watu hawa walikuwa wakiingizwa kwenye hesabu ya "barua taka tupu" pamoja na wengine.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi mkubwa ulikuwa kulifunga sanduku la pokea-zote. Haukuwa rahisi kukubalika. Mkuu wa idara ya maombi aliuliza swali la haki: na wale wanaokosea herufi? Tulirudi kwenye kumbukumbu, tukatafuta barua halali zilizowahi kufika kwa anwani zilizokosewa, na tukakuta makosa yanajirudia. Watu hukosea maneno yale yale kwa namna zile zile. Makosa hayo yakafanywa lakabu, yaani anwani za ziada, kila moja ikielekezwa kwenye sanduku sahihi. Yeyote mwingine anayekosea sasa hupata taarifa ya kukataliwa kutoka kwa huduma yake mwenyewe ya barua, na anajua papo hapo kwamba ombi halijafika. Naona hilo ni heshima kubwa zaidi kwa mwombaji kuliko barua yake kukaa katika sanduku lililojaa takataka ambalo mtu huenda asilisome.

Kukataa kulipangwa kufanyike wakati wa mazungumzo, kwa 550, na si baada ya kupokea. Fundi alikuwa amependekeza seva ipokee kwanza kisha ijibu kwamba anwani haipo. Nilipinga. Watuma takataka hughushi mtumaji, kwa hiyo jibu hilo lingemwendea mtu asiyehusika, na seva inayowamwagia wasiohusika majibu huishia kwenye orodha za kuzuiwa. Ukikataa kabla ya kupokea, mzigo wa kutoa taarifa unabaki kwa aliyetuma.

Lakini 550 nayo ina gharama. Seva inayosema ukweli kuhusu nani hayupo inamwambia mkusanyaji wa anwani nani yupo. Huwezi kulikwepa hilo kabisa, unaweza tu kumchelewesha. Postfix ina mipaka kwa ajili hiyo: kwa mpangilio wake wa kawaida, mteja, yaani mashine inayotuma, akifikisha makosa 10 katika kikao kimoja cha mazungumzo huanza kucheleweshwa, na akifikisha 20 hukatwa. Tuliishusha mipaka yote miwili, kwa sababu mtumaji wa kweli wa shirika hili hana sababu ya kukosea majina matano mfululizo. Tuliongeza pia kikomo cha vikao kwa kila anwani ya IP kwa muda fulani.

Kwa barua zinazopita mlango huo, tuliacha wazo la kufuta na kurudi kwenye alama. SpamAssassin tayari ina vipimo vya kukosa mada, kukosa tarehe na kukosa maandishi. Kila kimoja huongeza alama, na barua huhesabiwa kuwa taka ikifika 5 kwa mpangilio wa kawaida. Tulichoongeza ni kipimo kimoja tu: mwili mtupu, bila kiambatisho, kutoka kwa mtumaji ambaye hajawahi kuandikiana na shirika. Masharti yote matatu lazima yatimie pamoja. Mwenye cheti chake ndani hapati alama hizo, wala skana haipati. Na ikifikia kiwango, barua huwekwa karantini kwa siku 30, ambapo mapokezi wanaweza kuipitia.

Upande wa picha za siri, tulizima upakuaji wa picha za nje katika programu za barua za wafanyakazi wote. Anayetaka kuona picha anabonyeza mwenyewe. Programu ya kuzuia virusi ikaagizwa kuacha maandishi mahali ilipoondoa kiambatisho: faili gani imeondolewa, kwa nini, na mwombaji aitume kwa muundo gani.

Lililobaki ni mwenendo. Agizo lilikuwa fupi: barua isiyo na kitu na kutoka kwa mtu usiyemjua haijibiwi, wala kitufe chake cha kujiondoa hakibonyezwi, inaripotiwa kama taka. Mapokezi walihitaji zaidi ya agizo, kwa sababu kwao kutojibu kulionekana kama kumtupa mwombaji. Wakapewa njia nyingine: kutazama orodha ya waombaji, na kama jina au anwani imo, kumpigia simu.

Matokeo

Sanduku la mapokezi lilipungua mzigo tangu siku ya kwanza ya kufunga pokea-zote, kwa kuwa sehemu kubwa ya takataka ilikuwa ikielekezwa kwa majina yasiyokuwapo. Wakusanyaji hawakuondoka mara moja. Kwa muda kumbukumbu zilijaa 550, orodha zao zikiwa bado zina majina yale yote ambayo seva ilikuwa imeyathibitisha kwa uongo. Baadaye zikapungua nazo. Barua tupu bado zinafika, chache, kwa anwani za kweli, na nyingi huishia karantini.

Tukio moja lilikuja wakati kazi hii ikiendelea. Mhudumu wa mapokezi alipokea barua yenye jina la mkurugenzi, ikimwita yeye kwa jina na cheo, ikimtaka aiombe idara ya fedha ifanye malipo ya haraka kwa mtoa huduma mpya. Cheo kilikuwa kimeandikwa neno kwa neno kama kilivyo kwenye saini yake. Siwezi kuthibitisha kwamba kilichukuliwa kwenye yale majibu yake kwa barua tupu, kwa sababu saini hiyo ilikwenda pia kwa watu wengine wengi. Lakini njia hiyo inajulikana: mtu anatuma barua tupu au ya neno moja, anayejibu anahesabiwa kuwa yupo, ana bidii ya kujibu wageni, na ameshatoa jina lake na nafasi yake kazini. Tena kwa baadhi ya mifumo, anwani uliyoijibu huhesabiwa kuwa ya mtu unayemfahamu, na barua yake ya pili hupita kwa urahisi zaidi.

Malipo hayakufanyika. Mhasibu alimpigia mkurugenzi simu, kama utaratibu wao wa malipo unavyotaka, na mkurugenzi hakuwa na habari.

Uchambuzi

Kilichofaulu zaidi ni kitu kisichohitaji programu yoyote mpya, nacho ni kusoma chanzo kabla ya kuamua. Makundi manne yalihitaji dawa nne. Ukusanyaji wa anwani unatibiwa kwenye seva, wakati wa mazungumzo. Picha za siri zinatibiwa kwenye programu ya mpokeaji. Takataka iliyovunjika haihitaji zaidi ya kuripotiwa. Viambatisho vilivyochomolewa vilikuwa kosa la upande wetu wa mlango, na kanuni yoyote dhidi ya barua tupu ingewaumiza walewale ambao shirika lipo kwa ajili yao.

Kanuni ya kufuta ilishindwa kwa sababu mbili ambazo ni vizuri zitenganishwe. Ya kwanza ni kipimo chenyewe: utupu wa mwili hautofautishi taka na skana. Kosa hili lingeweza kumpata yeyote na lingesahihishika kwa saa chache. Ya pili ni nzito zaidi. Kanuni ilifuta bila nakala na bila taarifa, kwa hiyo hakuna aliyejua kwamba imekosea mpaka waombaji walipopiga simu. Laiti ingepeleka barua karantini, kosa lile lile lingegunduliwa siku ya kwanza na hakuna cheti ambacho kingepotea. Simlaumu fundi. Aliagizwa barua zisionekane, na hazikuonekana. Agizo lilipaswa kuuliza ni barua za nani.

Sanduku la pokea-zote linastahili neno zaidi, kwa kuwa bado linapendekezwa sana kwa mashirika madogo. Kwa nje linaonekana kama ukarimu. Kwa mkusanyaji wa anwani, kikoa kinachojibu 250 kwa kila jina kinaonekana kimejaa wapokeaji, na kila jina la kubuni huingia kwenye orodha zinazouzwa na kuuzwa tena. Hakuna kichujio kitakachofidia mpangilio huo. Anayehofia makosa ya herufi atumie lakabu, kama tulivyofanya.

Jambo ambalo halikutatuliwa na kazi yetu ya kiufundi ni ile barua ya malipo. Shirika lilikuwa na SPF na DKIM, mipangilio ya kuthibitisha kwamba barua imetoka kweli kwenye kikoa inachokitaja, na tulipomaliza tuliongeza DMARC, inayoagiza barua zisizothibitika zifanywe nini, kwanza katika hali ya kutazama tu, kisha kwa kuagiza zilizoghushiwa zikataliwe. Hivyo vitatu vinazuia mtu kutuma barua kwa kutumia kikoa chako. Havizuii mtu kufungua akaunti ya bure kwingine na kuandika jina la mkurugenzi wako mahali pa jina la mtumaji. Simu ya mhasibu ndiyo iliyofanya kazi hapo, na ilikuwa kwenye utaratibu tangu kabla ya haya yote.

Kwa mwenye akaunti ya kawaida

Wengi watakaosoma kisa hiki hawana seva. Wana kikasha kwenye huduma ya bure au ya kazini, na barua tupu zinawafikia. Mengi ya hapo juu yamo mikononi mwa mtoa huduma, lakini si yote.

Ukipata barua tupu, kwanza ifungue kwa kifaa kingine au kupitia kivinjari. Mara nyingine barua ina maandishi yake kamili na ni simu iliyoshindwa kuyapakua. Kama inatoka kwa mtu unayemjua, muulize kwa njia nyingine, kwa simu au ujumbe mfupi. Kama humjui, iripoti kama taka badala ya kuifuta tu, maana ripoti hukifundisha kichujio kupitia vichwa vya barua hata pasipo na neno ndani. Kumzuia mtumaji mmoja mmoja hakusaidii sana, kwani anwani hizo hutumika mara moja na kutupwa.

Kuhusu picha za siri, angalia mpangilio wa programu yako. Gmail hupitisha picha kwenye seva za Google tangu mwaka 2013, hivyo mtumaji haoni anwani yako ya IP, ingawa bado anaweza kujua kwamba umefungua. Programu ya barua ya Apple, tangu mwaka 2021, ina ulinzi unaopakua picha mapema hata kwa barua usiyoifungua, kwa hiyo taarifa ya kufunguliwa inakosa maana. Kwa programu nyingine yoyote, weka picha za nje zisubiri ruhusa yako.

Kuifungua barua tupu kwa bahati mbaya si sababu ya kuogopa. Hatari iko katika kujibu, kubonyeza kiungo na kufungua kiambatisho. Zipo hata hivyo hali mbili ambazo huwa nawaambia watu wasingoje kesho. Ya kwanza ni ukikuta kwenye folda ya zilizotumwa barua ambazo hukuzituma: hapo akaunti imeingiliwa. Badili nenosiri, washa uthibitishaji wa hatua mbili, kisha pitia mipangilio ya kusambaza barua na vichujio, kwa sababu mwizi hupenda kuacha kanuni inayompelekea nakala hata baada ya nenosiri kubadilika. Ya pili ni mamia ya barua taka kumiminika ndani ya saa moja, tupu au zenye maneno. Mara nyingi mafuriko ya namna hiyo hutumwa ili kuzika barua moja ya kweli, kama taarifa ya benki kuhusu muamala au ya duka kuhusu agizo lililofanywa kwa kadi yako. Usifute zote kwa pamoja. Tafuta kwanza kwa jina la benki yako na la kila huduma inayoshika fedha zako, kisha ingia kwenye akaunti hizo moja kwa moja, si kupitia kiungo chochote kilichomo kwenye barua.